Sisi Mia Mbili na Hamsini

Projestus fundi hakuwa mwongo. Hilo tuliseme mapema, maana ukifika mwisho utataka kumwita hivyo. Alikuwa na mdomo tu. Pale gereji kwake Mugoma, kibanda cha mabati pembeni ya soko, mtu akileta pikipiki inayokohoa, Projestus humtajia ugonjwa wake kabla mwenyewe hajashuka, na mara nyingi alipatia. Kupatia mara nyingi ndiko kulikomharibu. Alizoea kusikia watu wakisema "fundi ameshasema" na kumaliza ubishi, mpaka neno "nimekosea" likawa gumu kinywani mwake kuliko nati iliyoshika kutu.

Mambo yalianzia kwenye simu. Siku hiyo hapakuwa na kazi, akawa anaperuzi, akakutana na tangazo la pikipiki ya magurudumu manne, nyekundu, matairi manene yenye meno, imesimama juu ya jabali kana kwamba imezaliwa hapo. Chini yake pameandikwa kwa herufi kubwa: 250cc, inapanda popote, inavuta tela. Muuzaji yuko Biharamulo mjini. Projestus akawakumbuka watu wa Tubebane, akaona ameshapata la kuwaambia.

Tubebane ni chama cha machela cha Murusagamba. Kule nyumba nyingi ziko bondeni, zahanati iko ng'ambo ya mlima Rutegama, na mgonjwa asiyeweza kutembea hubebwa mabegani. Kila mtu mzima aliyeandikwa kwenye daftari ana zamu yake. Wanaume hushika miti ya machela, wanawake hubeba maji, uji na nguo za mgonjwa, na wakipita kwenye njia hata aliye shambani huacha jembe akasogea kusaidia. Asiyeandikwa hubebwa na ndugu zake, kama anao. Mwaka huo maharage ya shamba la pamoja yalikuwa mengi, na chama kilikuwa kimeamua kutafuta chombo cha kupanda Rutegama badala ya mabega.

Projestus aliwaonyesha picha kwenye mkutano wa Jumapili, baada ya misa. Simu ikapita mkono hadi mkono. Mwenyekiti wao, Mama Claudia, mjane wa miaka sitini na kitu mwenye sauti ndogo ambayo watu huinama kuisikiliza, aliitazama kwa muda mrefu.

"Itapanda Rutegama na mgonjwa, fundi?"

"Mama, hii ni sisi mia mbili na hamsini."

"Sisi?"

"Ndiyo. Sisi mia mbili na hamsini. Imeandikwa hapo."

Mama Claudia akamgeukia katibu, Mwalimu Telesfori, mstaafu aliyetunza daftari. "Mwalimu, sisi tuko wangapi?"

Telesfori akafunua kurasa. "Mia mbili thelathini na tisa."

"Basi tumepungukiwa na watu kumi na mmoja," alisema Mama Claudia. Aliitamka mbili kama wanavyoitamka wengi wa kule: "Tuwatafute, tufike mia mbiri na hamsini, ndipo tukaichukue."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Angesema tu, mama, hiyo sisi ni kipimo, ni ukubwa wa tumbo la injini pale mafuta yanapowakia, haihusiani na watu. Maneno hayo hayazidi pumzi mbili. Hata Telesfori, aliyefundisha hesabu miaka thelathini, hakuwahi kumiliki hata baiskeli yenye injini, naye aliandika kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba chombo ni cha wanachama mia mbili na hamsini. Mzee mmoja wa nyuma akasema, "Kumbe kinatujua," na watu wakapiga makofi. Projestus akaona makofi ni matamu, akaacha yapigwe.

Tena si kuacha tu. Kesho yake gerejini aliwasimulia vijana wa bodaboda jinsi watu wa Murusagamba wanavyosaka wanachama kumi na mmoja wakawajaze kwenye silinda, na wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Kicheko hicho kilikuja kumrudia baadaye.

Watu kumi na mmoja walipatikana. Tisa walikuwa vijana waliooana karibuni. Wawili wa mwisho walikuwa Mayunga na mkewe Kwandu, Wasukuma waliotoka Shinyanga wakapita Biharamulo na ng'ombe wao, kisha wakahamia Murusagamba, chini kabisa kwenye kijito. Walikuwa na miaka mitatu pale. Watu waliwasalimu, wakanunua maziwa kwao, lakini hakuna aliyewahi kuwaambia waje kwenye machela. Kwandu alipopewa kalamu aandike jina lake, aliandika polepole, herufi kubwa kubwa, mbele yake namba 250, kisha akabaki ameinama anaitazama. Projestus alikuwepo siku hiyo. Aliona vizuri.

Wakaenda Biharamulo watatu, Projestus, Mama Claudia na Telesfori. Walipanda gari asubuhi, wakabadilisha gari pale Benaco, wakanywa chai ya maziwa na chapati, na njia nzima Projestus aliwaeleza habari za injini. Walipofika, muuzaji akawapeleka uani. Ilikuwepo kweli, nyekundu vilevile, na ubavuni ina stika ya dhahabu: 250cc. Mama Claudia akaweka kiganja juu ya kiti. Alikuwa amevaa kitenge cha sikukuu.

"Ndiyo sisi hii?"

"Ndiyo yenyewe, mama," alisema muuzaji.

Projestus akachuchumaa kuikagua, kama alivyoletwa kufanya. Akatazama matairi, akavuta breki, akanusa oili. Kisha akapeleka kidole kwenye silinda, chini kabisa, pale inapokaa juu ya injini, mahali ambapo kiwanda huchapa namba kwenye chuma chenyewe. Palikuwa na grisi. Akafuta kwa dole gumba. Chini ya grisi palikuwa na tarakimu ndogo zilizoinuka: 196.9.

Alisoma mara mbili. Fundi yeyote anajua kwamba stika hubandikwa na mkono wa mtu, lakini namba ya kwenye chuma haina cha kutangaza. Injini hii haikufika hata mia mbili.

Muuzaji alikuwa amemwona. Akainama, akasema kwa sauti ya chini, akitabasamu, "Fundi, si unajua hiyo ni namba ya kiwanda tu."

"Umeona nini, mwanangu?" aliuliza Mama Claudia.

Hakupewa rushwa, ieleweke hivyo. Hakuna aliyemtilia kitu mfukoni. Ingekuwa rushwa labda angepata pa kuificha aibu yake, angesema shida ilimsukuma. Kilichomfunga ni wiki sita za kusema sisi mia mbili na hamsini sokoni, kanisani, kwenye gari asubuhi ileile. Akawaona wale wawili wamesimama juani wakimngoja aseme, akajiona yeye anayesema, jamani, turudi nyumbani, nilisoma tangazo nikaamini kama mtoto. Akashindwa.

"Namba ya kiwanda tu, mama," akasema.

Telesfori akaandika kwenye daftari: fundi amekagua.

Hilo lingekuwa moja, na moja huenda lingesameheka. Lakini palihitajika tela la kumlaza mgonjwa. Fundi wa kuchomelea alimuuliza Projestus swali ambalo kila mchomeleaji mwenye akili huuliza: "Sisi ngapi, nijue nitumie chuma gani?" Injini ya mia mbili kasoro ilitaka tela jepesi la bomba, alale mgonjwa peke yake, wengine watembee. Tela la namna hiyo lingepanda Rutegama taratibu, lingefika. Projestus alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Lakini Mama Claudia alikuwa amesimama pembeni, naye alitaka kitanda cha mgonjwa na benchi la wauguzaji wawili, kama gari la wagonjwa.

"Mia mbili na hamsini," akajibu Projestus.

Likachomelewa tela la vyuma vizito vya pembe. Telesfori akalipaka rangi nyeupe, na nyuma akaandika kwa nyekundu, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni: SISI 250. Katekista akaombea. Siku hiyohiyo ile machela ya zamani, miti miwili ya mwanzi na wavu wa kamba za mkonge uliolainika kwa miaka ya migongo ya watu, ikatundikwa kwenye ghala la Mama Claudia. Wazee waliigusagusa wakiiaga.

Wiki tatu Projestus alilala vibaya. Alimpa dereva, kijana mmoja mtulivu anayeitwa Juvenali, amri ya kutopanda mlima: injini ni mpya, lazima izoee kwanza, apite barabara ya kuzunguka mlima. Ni kweli injini mpya huzoeshwa, kwa hiyo hata huu ulikuwa uongo uliovaa nguo za ukweli. Kila siku alijiambia kesho nitawaeleza. Kila aliposikia mlio wa ile mashine unakuja Mugoma, na Juvenali akimpungia mkono, alijifanya anatafuta spana.

Kisha mvua ikala daraja la barabara ya kuzunguka, na Jumanne moja, saa tatu asubuhi, Mayunga akaangukiwa na gogo alilokuwa anakata. Paja likavunjika.

Projestus alikuwa Murusagamba siku hiyo, amekuja kubadilisha oili. Alikuwa bado ana kitambaa mkononi pale watu walipomleta Mayunga amefungwa fimbo na kitenge, jasho linamtoka, anauma kola ya shati asilie mbele za watu. Wakamlaza kwenye tela. Kwandu akakaa kwenye benchi, na jirani mmoja pembeni yake.

"Tupite mlimani," alisema Mama Claudia. "Daraja halipo. Injini si imeshazoea, fundi?"

Watu wote wakamtazama. Alitaka kusema akina mama washuke, benchi ling'olewe, waende na mgonjwa tu. Alifungua mdomo.

"Imezoea," akasema. "Ila nendeni polepole."

Akawafuata kwa miguu pamoja na wengine, watu ishirini hivi, Telesfori na fimbo yake, Mama Claudia na chupa ya uji. Kona ya kwanza mashine ilipanda vizuri, na watu wakaanza kusifu. Kona ya pili ikaanza kuguna. Projestus alisikia gia ikishuka, kisha ikashuka tena, kisha haikubaki gia ya kushukia. Akasikia harufu ya klachi inayoungua, ile harufu ya nywele na moto, akajua. Kwenye kona ya tatu, pale mlima unaposimama wima, mashine ikatetemeka, ikazima, ikaanza kurudi nyuma.

"Mawe! Wekeni mawe!"

Watu wakarusha mawe nyuma ya magurudumu. Tela likagonga, likasimama kwa kishindo, na Mayunga, aliyevumilia kutoka kijitoni mpaka pale, akalia kwa sauti kubwa. Kilio kile kikapita kwenye migomba na kwenye mihogo, mtu wa mbali akaitika akiuliza kuna nini.

Juvenali akajaribu kuwasha mara tatu. Haikuwaka. Kisha Kwandu akashuka kwenye tela. Alipiga magoti barabarani mbele ya Mama Claudia, kwenye matope, kama wanavyopiga magoti kwao wanapoomba radhi kwa mkubwa.

"Mama, kosa ni langu," akasema. "Mwanzoni mwa mwezi mama mkwe wangu alikuja kutoka Shinyanga. Ni mzee, hana mtu. Anakaa kwetu. Sikumwambia katibu, niliogopa mtasema tumeingia jana tayari tunaleta wengine. Kumbe tumekuwa mia mbili hamsini na mmoja." Akafuta uso kwa mkono wenye udongo. "Mashine imezidiwa kwa sababu yangu, na mume wangu ndiye anayeteseka."

Watu wakatazamana. Mwanamke mmoja, si mbaya, lakini mchovu na mwenye hofu, akasema, "Ungetuambia tu, dada. Namba si tuliijua wote?" Na wawili watatu wakatikisa vichwa, wakimtazama Kwandu pale chini.

Projestus alikuwa amewahi kuaibika maishani. Aliwahi kufeli mtihani, aliwahi kukataliwa na binti mbele ya rafiki zake. Lakini hii ilizidi zote. Ule mzaha aliowachekeshea vijana gerejini ulikuwa sasa umepiga magoti kwenye matope, unaomba msamaha kwa kosa ambalo halipo duniani. Angeweza kunyamaza hata hapo, na hilo ndilo lililomtisha. Alijiona anaweza. Ilibaki kidogo tu Kwandu aubebe mzigo wote, yeye arudi Mugoma akiwa bado fundi.

"Kwandu, inuka," akasema. Sauti ilitoka ndogo. "Inuka, shemeji. Si wewe."

Akapiga magoti yeye, kando ya mashine. Akafuta silinda kwa kitambaa, akaungua vidole, akafuta tena. "Mwalimu, njoo usome hapa."

Telesfori akainama, akavaa miwani. "Moja, tisa, sita, nukta, tisa."

"Huo ndio ukubwa wa injini hii. Stika inasema mia mbili hamsini, chuma kinasema mia moja tisini na saba. Mashine ndogo, tela zito, basi." Hakuthubutu kuinua macho. "Niliona Biharamulo. Nilifuta kwa kidole hiki hiki nikaisoma, na mama akaniuliza nimeona nini, nikasema namba ya kiwanda. Fundi wa kuchomelea naye aliniuliza, nikarudia. Leo asubuhi pia mmeniuliza."

Mayunga alikuwa anahema kwa nguvu.

"Na sisi yenyewe..." Hili lilikuwa gumu zaidi. "Sisi hiyo si ninyi. Ni jina la kipimo, kama kusema lita. Mngeweza kuwa kumi, mngeweza kuwa elfu, mashine haijui. Nililijua hilo tangu siku ya mkutano. Nikawaacha. Tena nikawacheka."

Juvenali alitema mate pembeni. Yule mwanamke aliyemlaumu Kwandu akajifunika mdomo kwa khanga, akamshika Kwandu mkono akamwinua. Mama Claudia hakumtazama Projestus kabisa. Aliwaambia vijana wawili, "Kimbieni ghalani. Leteni machela."

Ilichukua nusu saa, na nusu saa hiyo Projestus aliketi juu ya jiwe, hakuna aliyekaa karibu naye. Machela ilipofika wakamhamishia Mayunga taratibu, na yule aliyeitika kutoka mbali akawa ameshafika na jembe lake begani, akaliweka chini. Projestus akasogea kwenye mti wa nyuma, upande wa bonde, unaolemea zaidi. Kijana mmoja akamzuia kwa kiwiko.

"Mwacheni," alisema Mama Claudia. "Ni zamu ya mabega, si ya midomo."

Akabeba. Walipobadilishana zamu hakubadilishwa, wala hakuomba. Walipoipita mashine, maandishi mekundu ya Telesfori yalikuwa usawa wa macho yake, akageuza uso.

Zahanati walimpokea Mayunga vizuri. Muuguzi akamfunga banzi, akamchoma sindano ya maumivu, akapiga simu gari la hospitali lije kumchukua upande ule wenye barabara. Watu wakakaa nje kwenye ukuta mfupi, wakinywa ule uji kwa kupokezana. Projestus alisimama mbali kidogo, bega limechubuka, hajui kama aondoke au abaki.

Kwandu akatoka ndani. Akaenda moja kwa moja kwa Telesfori.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Kama ile namba haikuwa ya watu," akasema, "basi hapakuwa na haja ya wale kumi na mmoja. Mliwatafuta kwa sababu ya mashine." Aliongea bila hasira, kama mtu anayeuliza bei. "Sasa sisi mnatufuta?"

Telesfori alimtazama Mama Claudia. Projestus aliinamisha kichwa. Hakuwa amelifikiria hilo hata siku moja, katika usiku wote ule aliolala vibaya.

"Mama mkwe wako anaitwa nani?" aliuliza Mama Claudia.

"Anaitwa Rozina."

"Mwalimu, mwandike Rozina."

Telesfori akatoa daftari kwenye mfuko wa koti, akaandika. Kwandu alisimama akiangalia kalamu mpaka ilipoinuka. Ndipo Mama Claudia akageuka, kwa mara ya kwanza tangu mlimani, akamtazama Projestus. Alizungumza kwa sauti yake ileile ndogo, na fundi akalazimika kusogea na kuinama ili aisikie.

"Sisi tulikuwa mia mbiri na hamsini kweli, Projestus," akasema. "Tulihesabu mtu mmoja mmoja."

Hakungoja jibu. Watu walikuwa wanainuka kurudi, na machela ilikuwa imeegemezwa ukutani, tupu. Projestus akaichukua peke yake, akaitwika kwenye lile bega lililochubuka, akawafuata nyuma.